Mwalimu Aliyeniita Mwizi

Nimeishi katika miji mitano tangu nitoke Bukavu, na katika kila mji nimemkumbuka mtu mmoja kuliko ninavyowakumbuka jamaa zangu. Uvira nilimkumbuka nikibeba magunia ya chumvi. Kalemie nilimkumbuka nikifungua injini za boti. Kindu nilimkumbuka hata siku ya arusi yangu, waliponipa kitabu nitie sahihi, nikachelewa kuona mstari uko wapi na watu wakaanza kukohoa. Wengine hukumbuka walimu wao kwa shukrani. Mimi nilimkumbuka huyu jinsi mtu anavyomkumbuka aliyemkanyaga kidole kisha akaendelea na safari yake.

Tulimwita Maître. Walikuwepo walimu wengine, lakini ukisema Maître kule kwetu Kadutu, kila mtu alijua unamsema yeye. Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, sijui na sijawahi kuuliza. Kwangu mimi alianza asubuhi ile alipoingia darasa la mwaka wa nne, katika shule ya mteremkoni, chaki ikiwa katika mfuko wa koti badala ya kalamu.

Nimpe haki yake kwanza, asije akasema nimempunja. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa vitabu. Aliandika ubaoni bila rula, na mstari wake ulinyooka toka dirishani hadi mlangoni. Koti lake lilikuwa moja, la kahawia, na sikuona kifungo kikipungua. Alipofika asubuhi alisimama kwenye kizingiti, akatoa kitambaa, akapangusa tope la Kadutu kwenye kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, na sisi tulimngoja tumesimama. Hakuna aliyekaa kabla ya kiatu cha kushoto kung'aa. Walimu walipogoma, yeye alikuja. Mvua zilipobomoa njia juu ya bonde, alikunja suruali akatuvusha mmoja mmoja mgongoni, hata wale wa benchi la mwisho, akilalamika kwamba tumekula bugali nyingi.

Na hakumpiga mtoto hata siku moja. Alijivunia jambo hilo sana. "Miye sipigake mutoto," aliwaambia wazazi. "Fimbo ni ya ng'ombe." Wazazi walimpenda kwa hilo. Mama yangu anampenda mpaka leo, na tukianza kumzungumzia huishia kununiana.

Hakuhitaji fimbo. Alikuwa na mabenchi.

Benchi la mbele aliliita Muhumba, kama kule kwenye majumba ya kando ya ziwa. Yale ya katikati yalikuwa Nyawera, kama mtaa wa katikati ya mji. La mwisho, lililogusa ukuta uliovuja, aliliita Ruzizi, kwa sababu huko ndiko mpaka wa nchi ulipo. Kila Jumatatu tulisimama kwa zamu, kila mmoja akasoma kipande cha ukurasa kwa sauti, na kila aliyesoma akahamishwa kulingana na alivyosoma. Kulikuwa na watoto waliopanda kutoka Nyawera kwenda Muhumba wakitembea kama wameoa. Mimi nilikaa Ruzizi tangu mwezi wa kwanza.

"Weye uko ku mupaka," aliniambia. "Wakikusukuma kidogo, umetoka mu inchi."

Darasa lilicheka. Na mimi nilicheka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilicheka.

Sikuwa mvivu. Niliutazama ukurasa mpaka machozi yakatoka. Herufi hazikukaa mahali pake. Tumbo la b lilikuwa mbele, nikipepesa macho liko nyuma. Neno nililolipigania juu ya ukurasa nililikuta tena katikati nikalipokea kama mgeni. Kwa hiyo nilijifunza kubahatisha. Niliona herufi ya kwanza, nikakumbuka habari ilikuwa inahusu nini, nikatia neno lililofaa. Mara nyingine nilipata. Nisipopata, Maître alifumba macho kama mtu aliyeuma jiwe kwenye mchele.

"Soma ile iko," alisema. "Usisome ile unataka."

Miaka arobaini alisema maneno hayo. Hakuwahi kujiuliza kwa nini mtoto asome asichokiona.

Mwezi wa tatu wa mwaka ule nilipata mbinu. Dada yangu alikuwa mwaka wa sita. Jumapili, baada ya misa, alikaa kando ya babula, jiko letu la makaa, akipika, nami nikamshikia kitabu mbele ya uso, akanisomea ukurasa wa kesho. Ulihusu mkulima na mbuzi wake, kwa Kifaransa. Alinisomea mara nne. Mara ya tano nilimsomea mimi.

Kesho yake nilisimama pale Ruzizi nikaanza. Sauti yangu haikutetemeka. Nilipita koma, nilipumzika penye nukta, nilipandisha sauti mkulima alipouliza swali. Wenzangu waligeuka. Maître alitoka mezani akaja polepole hadi kwangu, nami nilifikiri anakuja kunishika mkono. Alinyoosha mkono akachukua kitabu. Alikichukua taratibu, kama mtu anavyomvua mtoto kofia. Na mimi, kwa hofu au kwa furaha, sijui, mdomo wangu haukusimama. Nilisoma ukurasa mpaka mwisho, mikono ikiwa imeshika hewa.

Halafu likaja lile cheko, ambalo nimelisikia mpaka Kisangani.

"Huyu hasome," Maître alisema. "Huyu anaiba. Ameiba page muzima."

Fikiri kidogo. Mtoto wa miaka kumi ameshika ukurasa mzima wa lugha ya kigeni kwa sikio, kwa jioni moja, hajapoteza hata nukta. Mtu mwingine angesimama akajiuliza kichwa hiki kimeumbwaje. Yeye aliniita mwizi. Tangu siku ile jina langu likawa Muizi. Aliniita hivyo akichukua mahudhurio, watoto wakajibu kwa niaba yangu, na jina likatoka darasani likapanda mtaa mzima.

Hawakuliacha nilipokua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, napita katikati ya soko, mwenzangu wa zamani akaniona toka mbali akapaza sauti kwa furaha: "Muizi! Eh, Muizi!" Anayejua Bukavu anajua nini hufuata neno hilo sokoni. Nilikimbia na mawe yakinifuata, na yule mwenzangu nyuma akipiga kelele kwamba ni jina tu, jamani, ni jina ya masomo. Kovu liko nyuma ya sikio. Wiki ile niliondoka mjini, na tangu hapo sikuweza kukaa mahali zaidi ya miaka mitatu.

Kuna jambo lingine, na hapo ndipo kusamehe kunaponishinda. Mwaka uleule wa nne niliugua homa ya matumbo. Maître alikuja nyumbani. Alileta nanasi, akakaa ukingoni mwa kitanda, na kwa siku tatu mfululizo alinisimulia habari za sungura mmoja mjanja aliyeishi msitu wa Kahuzi. Siku ya tatu aliniambia nimrudishie yote. Nikamrudishia, pamoja na sauti ya fisi na kikohozi cha mzee kobe. Alicheka mpaka akatoa kile kitambaa cha viatu akajifuta macho.

"Uko na kichwa, weye!" alisema. "Maman, huyu mutoto iko na kichwa!"

Nilipopona nilirudi shuleni Jumatatu. Nilisoma vibaya. Akanionyesha Ruzizi kwa kidole, bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Alikuwa ameona. Alikaa kitandani kwangu akaona kwa macho yake kilichomo kichwani mwangu, na alipofika darasani hakuviunganisha vitu hivyo viwili. Angekuwa mtu mbaya tu, ningekuwa nimemsahau.

Mwisho wa mwaka kulikuwa na proklamasyo. Wazazi hujaa uwanjani, mwalimu husoma majina toka wa kwanza hadi wa mwisho aliyepita. Walimu wengine huongeza majina ya waliofeli, haraka haraka, sauti chini. Maître hakuwasoma kabisa. Alifunga daftari na ndivyo mtoto alivyojua. Mama yangu alikuja amevaa kitenge chake cha Pasaka. Alingoja mpaka uwanja ukabaki na sisi wawili na kuku, halafu akamfuata.

"Maître, hamukusahau mumoja?"

"Hapana, maman. Sikusahau mutu."

Ndivyo alivyowahifadhi watu kichwani. Ukikutana naye njiani miaka ishirini baadaye hakukuuliza jina wala kazi. Aliuliza, "Ulikuwa wa ngapi?" Ukisema wa tatu, aliutaja mwaka na waliokutangulia wawili. Nimeona daktari mzima wa hospitali akisimama kwenye vumbi na kujibu, "Wa pili, Maître," huku ameweka mikono nyuma.

Sekondari nilimaliza, mekanika, kwa kusikiliza. Mwenzangu alinisomea, nami nikamfungulia injini. Na kila mahali nilipofanya kazi niliondoka siku waliponiletea karatasi za kujaza.

Binti yangu Neema anaishi na mama yangu Kadutu, kwa sababu baba yake hatulii. Mwaka jana mama alinipigia simu Kisangani. Neema alikuwa anarudia mwaka wa nne. Akishindwa mara ya pili shule haitamweka tena, na mama alikwisha kumwombea nafasi kwa jirani mwenye cherehani. Mtoto wa miaka kumi na moja.

"Shida yake ni nini?" niliuliza.

"Kusoma," mama alisema. "Iko sawa na weye."

Nilifika Bukavu wiki ileile. Shule ni ileile, mteremko uleule, bati jipya. Sasa inaongozwa na Directrice, mwanamke mfupi anayetembea haraka, ambaye naye alipita kwa Maître miaka kumi baada yangu. Alikuwa wa kwanza. Alinikaribisha akafunga mlango.

"Papa Neema, mutoto yako hana bujinga. Iko na kitu inaitwa dyslexie. Nilifundishwa juu yake mu formation, na nilipoona daftari yake nilijua."

"Ni ugonjwa?"

"Hapana. Kichwa yake inapitishaka maandiko ku njia ya muzunguko. Atafika, lakini hatafika saa moja na wengine. Tukimukimbiza, anaanguka. Tukimucheka, anaacha."

"Dawa yake?"

"Hakuna dawa. Kuko kufundisha ingine namna." Alinitazama. "Mara mingi inakuyaka mu familia. Nani kwenu alisumbuka na kusoma?"

Nilikuwa na miaka arobaini na tatu, sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu.

"Miye," nikasema.

Hakucheka. Alitoa sahani ya mchanga chini ya meza.

Tulifanya kazi miezi mitano. Neema aliandika herufi mchangani kwa kidole, kubwa, akiitamka, ili mkono ukumbuke pale jicho linapopotea. Maneno aliyakata vipande kwa makofi, na mama yangu akajifunza mchezo huo akawa anapiga vipande kwa mchi akitwanga sombe, majani ya muhogo. Directrice alikata karatasi ngumu yenye tundu refu kama dirisha, Neema akaitelezesha juu ya ukurasa aone mstari mmoja tu, mingine ijifiche. Alikataza asisomeshwe mbele ya wenzake. Hesabu na jiografia aliulizwa kwa mdomo, na hapo ikaonekana kwamba yuko mbele ya darasa lote. Sitadanganya kwamba alianza kusoma kama redio. Mwezi wa tatu alisoma mstari mmoja peke yake. Ulimchukua muda wa kuchemsha chai. Niliuona mstari ule ukiisha nikatoka nje nikamlaani mtu, kwa jina lake kamili.

Kwa maana Maître alikuwa hai bado. Miaka themanini, koti la kahawia, fimbo ya kutembelea. Na kila mwezi wa sita, siku ya mtihani wa kusoma, alikuja shuleni, akaketi mbele, akamsikiliza kila mtoto amesimama, na akisema "huyu hapana," hakuna aliyepinga.

"Nani anamualikaka?" nilimuuliza Directrice.

"Hakuna. Anakuyaka tu." Aliinamisha uso. "Papa Neema, nimeandika mwenyewe kama Neema ataulizwa peke yake, ameketi, na ile karatasi yake. Niko na haki. Lakini Maître akiingia akamusimamisha, sijue kama nitapata sauti. Namuogopa tangu niko na miaka tisa."

"Mulango ni wangu," nikamwambia. "Weye uliza mutoto."

Siku ya mtihani Neema aliingia na karatasi yake, mimi nikasimama kizingitini. Maître alikuja akipanda taratibu, watoto wakigombania kumbebea mfuko. Aliwaaga, akapangusa viatu, akainua uso akanikuta.

"Sogea, papa."

"Jambo, Maître."

"Jambo. Sogea niingie."

"Leo hauingie."

"Miye?"

"Weye." Kwetu mzee kama yule humwiti weye. Nilimwita hivyo, na lilikuwa tamu mdomoni.

Hakukasirika. Alinichungulia, kisha uso ukafunguka. "Ah! Ulisoma kwangu. Ulikuwa wa ngapi?"

"Haukunisoma."

Alitafuta kichwani. Nilimwona akitafuta, mwaka kwa mwaka. Nilikuwa na hotuba niliyoiandaa tangu Uvira, nimeirudia barabarani na ndani ya boti, ina sehemu ya soko na sehemu ya kitenge cha mama yangu. Yote ilinitoka. Nilisema tu, "Ni miye uliitaka Muizi."

"Muizi," alirudia. Alitikisa kichwa. "Ile jina nilipatiaka wengi, mutoto yangu."

Kwa miaka thelathini na zaidi nimelibeba jina lile, na hata halikuwa langu peke yangu.

Ndani, Neema alikuwa anajibu. Directrice alimsomea hadithi, akairudisha yote. Alimuuliza mikoa, akaitaja. Alimuuliza sehemu na nusu za hesabu, akajibu kabla swali halijaisha. Maître aliinamisha sikio, akaanza kutabasamu, na fimbo yake ikagonga chini kila jibu lilipokuwa sawa.

"Huyu ni mutoto ya nani? Huyu ni wa kwanza!"

"Ngoja," nikasema.

Directrice alimpa ukurasa. Tulisikia karatasi ngumu ikiteleza. Neema alianza. Silabi, kimya, silabi. Tabasamu la Maître likaondoka.

"Mbona anakokota? Musimamishe. Akisimama atasoma muzuri."

"Anasoma vile."

"Hii haiko kusoma, hii ni—"

Neema alikwama. Neno lilikuwa refu. Tulimsikia akirudi mwanzo, akipiga kofi dogo mezani. Maître alilijua neno lile. Alikuwa amesahihisha kwa miaka arobaini, na midomo yake ilianza kulitengeneza. Kifua kilijaa pumzi ya kulitoa. Niliweka kiganja mbele ya mdomo wake. Sikumgusa. Nilisikia joto la pumzi yake mkononi.

"Nyamaza," nikamwambia.

Akanyamaza. Macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hajawahi kuambiwa hivyo. Nilimshikilia pale kwa mkono usiomgusa, na muda ulikuwa mrefu, na ningeweza kusimama hivyo mpaka jioni. Ndani, kofi moja, la pili, la tatu. Neno likatoka. Halafu mstari ukatoka. Halafu, kwa mwendo wa mtu anayepanda Kadutu na ndoo kichwani, aya nzima.

"Amepita," sauti ya Directrice ilisema. Ilisikika mpaka uwanjani.

Nilishusha mkono. Maître aliegemea fimbo. "Peke yake," alisema polepole. "Ameketi. Miye nisingemupitisha."

"Najua."

Nyuma yangu kulikuwa na kiti. Niliona anakitazama. Sikukisogeza. Alingoja kidogo, kisha akageuka, akaanza kushuka ngazi moja moja. Watoto walikuwa wamekwenda kucheza na hakuna aliyekuja kuchukua mfuko.

Neema alitoka mbio, karatasi yake mkononi, akanirukia. Alipomaliza kucheka alimwona mzee pale kwenye ngazi.

"Papa, ule muzee ni nani?"

"Alikuwaka mwalimu yangu."

"Alikufundishaka nini?"

Maître alikuwa kwenye ngazi ya nne. Alisimama. Hakugeuka, ila bega lililoshika fimbo lilitulia, nikajua anangoja jibu.

"Hakuna kitu," nikasema.

Haikuwa kweli. Nilisema kwa sauti, ili asikie.